Kadi ya mtihani haihitaji Bunge

Mhariri,

Msomaji wako wa Molo aliandika wiki jana kwamba wanafunzi transijenda, yaani walioandikwa jinsia moja walipozaliwa na wao wanajijua ni ya nyingine, walio katika vyuo vyetu ni watoto waliopotoshwa na intaneti, na kwamba chuo kikuu hakina wakati wa kushughulikia mitindo. Alimalizia kwa kuuliza: kwani wanataka nini hasa? Swali hilo nimelipenda kwa sababu jibu lake ninalo, tena nimelipiga chapa kwa vidole hivi mara nyingi. Wanataka jina na picha vilivyo kwenye kadi ya mtihani vifanane na mtu aliyeishika. Hayo mengine anayoyasikia kwenye runinga na mimbarini bado sijayaona yakipanda ngazi zangu.

Nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mji huu na viunga vyake una vyuo vikuu, matawi ya vyuo vya kwingine, vyuo vya ufundi na vya uuguzi, na wanafunzi wa vyote hivyo huja kwangu: kuomba mkopo wa masomo wa HELB, kutafuta nafasi kwa KUCCPS inayowapanga vyuoni, kufungua PIN ya ushuru, kuagiza cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali. Mwenye saiba huona karatasi za watu kuliko padri na daktari. Najua ni nani babake hajaandikwa kwenye cheti, nani alirudia mtihani wa darasa la nane, nani anasema anatoka Milimani kwa wenye nazo na barua ya chifu inasema Nyalenda kwa wasio nazo. Kazi hii ina kiapo chake ingawa hakuna aliyetuapisha. Hao wawili nitakaowaeleza nimewaomba ruhusa, majina yao nimeyabadilisha, na vyuo vyao sitavitaja.

Wa kwanza nitamwita Akeyo. Alikuja akiwa mwaka wa kwanza, jioni, watu wakiwa wamepungua, akachagua kompyuta ya ukutani ambako skrini haionekani kutoka mlangoni. Alitaka nimsaidie kujaza fomu ya mkopo. Nilipomwomba kitambulisho alikisukuma mezani kikiwa kimelala kifudifudi. Nikakigeuza. Picha ya mvulana, jina la mvulana, jinsia mume. Nikamtazama: nywele amesuka mistari, blauzi ya kitenge, kucha zimepakwa rangi kwa uangalifu kuliko zangu. Alikuwa ameshika mkanda wa begi tayari kuondoka. Nikamuuliza, "Nyathina, mwanangu, namba ya simu ni ile ile iliyosajiliwa kwa kitambulisho hiki?" Akasema ndiyo, Mama. Tukaendelea.

Msomaji wa Molo huenda asijue jinsi jina linavyomfuata mtu. Linaanza kwenye cheti cha kuzaliwa. Shule hulichukua hapo na kulipeleka kwa Baraza la Mitihani wakati wa kusajili watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Matokeo hulibeba hadi KUCCPS, KUCCPS hulipeleka chuoni, chuo hulibandika kwenye barua ya kuitwa, kadi ya mwanafunzi, orodha ya darasa, kadi ya maktaba, kadi ya mtihani. Mtoto wa miaka kumi na saba asiyeweza hata kuchagua chakula cha bweni huwa amekwisha kuandikiwa jina la shahada yake. Na hapa kwetu tatizo halipo kwenye jina la mwisho. Wasichana wengi wa Kisumu wanaitwa Otieno au Ochieng', majina ya kiume, kwa sababu hayo ni majina ya baba zao, na hakuna anayeshtuka. Tatizo ni lile jina la kwanza la ubatizo, ile herufi moja ya jinsia, na picha.

Picha ndiyo iliyomponza Akeyo. Ilikuwa mitihani ya mwisho wa muhula, ukumbi umejaa. Msimamizi alipita mstari kwa mstari akikagua kadi na kusainisha watu. Kadi ya Akeyo ilikuwa na picha ya kidato cha nne, kichwa kimenyolewa, tai ya shule, na mbele ya msimamizi ameketi msichana mwenye hereni. Simlaumu kwa kushuku. Vyuo vimechoshwa na mamluki wanaolipwa kufanyia wengine mitihani, na mimi mwenyewe nimewahi kufukuza mmoja aliyetaka nimbadilishie picha kwenye kadi. Lakini msimamizi hakumwita pembeni. Aliinua kadi juu, akalisoma jina kwa sauti, akalirudia, kisha akauliza ukumbi mzima kama kuna anayemjua mtu huyo. Waliocheka wakacheka. Mmoja akampiga picha kwa simu, na simu haziruhusiwi kabisa katika ukumbi wa mtihani; huyo hakuna aliyemuuliza chochote.

Akeyo akatolewa nje ili "athibitishwe". Ofisi ya mitihani ilikuwa imefungwa, watu wameenda chakula cha mchana. Alipopata wa kumthibitisha, wenzake walikuwa wakikabidhi vijitabu vya majibu. Kwenye matokeo ya somo hilo akaandikiwa kwamba hakuhudhuria.

Alikuja kwangu kuchapisha fomu ya kuomba mtihani maalum. Fomu ina sehemu ya sababu: ugonjwa, kufiwa, nyingine. Akaikodolea macho.

"Niandike nini hapa, Mama?"

"Weka alama kwenye nyingine, ueleze."

"Wameacha mistari miwili."

Tukaambatisha ukurasa. Alisema, mimi nikapiga chapa, na kila nilipotaka kuongeza neno la hasira alinikataza. Alitaka pawe na saa, ukumbi, namba ya usajili, na jina la somo. Barua ile ilikuwa kavu kama ya mwanasheria. Mwombaji hakulilia mtu. Mpaka leo ninapoandika, ofisi haijamjibu.

Sasa nije kwa sheria, kwa sababu msomaji wa Molo alisema Kenya haina sheria inayowatambua watu hawa na kwa hiyo chuo kimefungwa mikono. Nusu ya kwanza ina ukweli fulani. Nusu ya pili haina.

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kesi ya Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani. Huyu Audrey alifanya KCSE mwaka 2001 akiwa Kiambu High School kwa jina la Andrew, akapata A-. Baadaye akasomea sayansi ya tiba papa hapa kwetu, Maseno. Alikuwa na alama ya A- na shahada, na kila alikopeleka vyeti vyake aliulizwa ni vya nani. Jaji aliamuru Baraza limpe cheti kipya chenye jina la Audrey, kisicho na alama ya jinsia. Sababu yake inaeleweka hata na mtu wa saiba: mtihani hausahihishwi kwa kuangalia kama mtahiniwa ni mume au mke, kwa hiyo ukiondoa alama hiyo cheti hakipungukiwi na kitu. Aliangalia kanuni zenyewe za Baraza akakuta hazilazimishi alama hiyo iwepo. Yaani watu walikuwa wakilinda kitu ambacho kanuni zao hazikuwaagiza wakilinde.

Na jirani yetu hapa, Mahakama Kuu ya Eldoret, Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi aliamua kesi ya mwanamke transijenda aliyekamatwa mwaka 2019, akazuiliwa katika gereza la wanawake na kuvuliwa nguo ili akaguliwe. Mahakama ilisema utu wake na faragha yake vilivunjwa, ikamwamuria fidia ya shilingi milioni moja, na ikaitaka Serikali itunge sheria ya kuwalinda watu hawa. Kwa hiyo, ndiyo, sheria yenyewe bado inangojwa. Mimi najua jinsi Bunge letu linavyongojwa. Akeyo atakuwa amestaafu.

Tena msomaji wetu aliwachanganya transijenda na huntha, akasema "hao wawili watatu Serikali ilishawahesabu". Waliohesabiwa katika sensa ya 2019 ni huntha, watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo wazi, na walikuwa 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Akeyo si huntha. Alizaliwa, akaonekana mvulana, akaandikwa mvulana, na yeye tangu akiwa mdogo anajijua ni msichana. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini usimweke katika hesabu isiyo yake.

Kuna njia ya kubadilisha jina kisheria, na wateja wangu huniuliza. Unakwenda kwa wakili, anaandika hati, unaapa, unalipa ada, hati inasajiliwa, kisha inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali: fulani wa fulani, aliyekuwa akiitwa fulani. Yaani jina la zamani na jipya yanachapishwa bega kwa bega, na gazeti hilo lipo kwenye intaneti ambapo mjomba yeyote mwenye bando anaweza kulisoma. Kwa mwanafunzi ambaye babake akijua atakata karo, huo ni mlango wa kuingia kwa woga. Na ukishapita, ile alama ya jinsia kwenye kitambulisho haina utaratibu ulionyooka wa kuigusa. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa HELB na kibarua cha kuosha vyombo Jumamosi hawezi kumlipa wakili ili afanye mtihani wa Jumatatu.

Ndiyo maana nasema tuache Bunge pembeni kidogo. Kadi ya mtihani haikutolewa na Bunge. Haikutolewa na Baraza la Mitihani wala na idara ya usajili wa watu. Imetolewa na chuo, kwa printa ya chuo, kwa amri ya ofisi iliyo ghorofa ya kwanza ya jengo la utawala. Hali kadhalika orodha ya darasa, kadi ya maktaba, na ile karatasi inayobandikwa mlangoni mwa maabara. Shahada na rekodi ya alama ziache na jina la kisheria mpaka mtu alibadilishe, hilo sina ugomvi nalo. Vyuo vingi vya Marekani hufanya hivyo hivyo, jina la vyeti huku na jina la darasani kule. Lakini sihitaji kuwapandisha ndege wasomaji wako, kwa kuwa mfano nimeuona hapa hapa, katika chuo kingine ambacho si cha Akeyo.

Huyu wa pili nitamwita Wafula, wa Bungoma. Vyeti vyake vinasema ni msichana. Yeye ni kijana wa kiume, ndevu zimeanza, anasomea ualimu. Mwaka wa tatu wanafunzi hao hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na chuo huandika barua ya kumtambulisha kila mmoja kwa mwalimu mkuu. Barua yake ilianza na "Bi." Alikuja nayo kwangu, ameikunja mara nne, akaniuliza kama naweza kufuta ile "Bi." bila ionekane. Nikakataa, maana hiyo ni kughushi, na nikamwambia arudi kwa mkuu wa wanafunzi amweleze. Aliniangalia kana kwamba nimemtuma kwa simba.

Akaenda. Mkuu wa wanafunzi wa chuo hicho ni mama wa makamo, mtu wa kanisa. Hakumuuliza habari za mwili wake, Wafula alilisisitiza hilo aliponisimulia. Alimuuliza namba yake ya usajili, na jina ambalo angependa liwe kwenye barua. Basi. Kesho yake akampa karatasi. Wafula aliileta kwangu niitolee nakala na kuiwekea plastiki, kwa hiyo niliisoma vizuri. Ilisema mwenye barua hii, mwenye namba hii ya usajili na picha hii, ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu. Anatumia jina la Wafula. Vyeti vyake vina jina jingine na chuo kinalijua hilo. Sahihi. Picha mpya kwenye pembe, na muhuri umekanyaga nusu ya picha na nusu ya karatasi ili isibanduliwe. Mistari miwili, ukiondoa kichwa cha barua.

Kwa karatasi hiyo Wafula alifundisha hisabati muhula mzima akiitwa Mwalimu Wafula. Kwa karatasi hiyo alifanya mitihani yake ya mwaka. Msimamizi akishuku, anaitoa. Hakuna seneti iliyokaa, hakuna kamati iliyoundwa ikalipwa marupurupu.

Msomaji wa Molo atasema hii itafungua mlango wa udanganyifu. Aniambie ni ipi rahisi kudanganya nayo: kadi yenye picha ya mtu aliyeketi mbele yako, au kadi yenye picha ya mtu asiyefanana naye ambayo kila muhula inambidi msimamizi akisie? Mamluki anapenda picha za zamani. Na vyuo vinajua kushughulikia majina kuliko wanavyotuambia. Msichana akiolewa katikati ya masomo huja kwangu na cheti cha ndoa, tunapiga chapa hati ya kiapo, anaipeleka kwa kamishna wa viapo, chuo kinabadilisha. Nimemwona kijana aliyesilimu mwaka wa pili, aliingia Peter akatoka Ibrahim, na darasa zima likamwita Ibrahim bila mhadhiri yeyote kuita ukumbi ushuhudie. Namba ya usajili haikubadilika. Namba hiyo ndiyo inayojua alama ni za nani.

Mambo mengine nayataja kwa haraka kwa sababu sina dawa yake. Hosteli za chuo zimegawanywa, za wavulana na za wasichana, na Akeyo hana usalama huku wala nafasi kule, kwa hiyo amepanga bedsita mtaani Manyatta ambayo kodi yake inameza mkopo kabla muhula haujafika katikati. Zahanati ya chuo ameacha kwenda tangu alipoitwa dirishani kwa jina la kitambulisho mbele ya foleni. Akiugua malaria hununua dawa kwa duka la mtaani. Hata akinilipa kwa simu shilingi thelathini za kuchapisha, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu una lile jina, ndiyo maana yeye hulipa kwa sarafu. Hili la sarafu nilichukua muda kulielewa. Nilidhani hana laini.

Watu wa kanisani kwangu wataisoma barua hii, maana Jumapili gazeti lako huzunguka kutoka kiti hadi kiti. Wengine wataniuliza kama nimeanza kutetea dhambi. Sijatetea wala kushtaki. Ninachojua ni kwamba Akeyo alilipa karo, alisoma, alifika ukumbini mapema akiwa na kalamu mbili, na akaandikiwa kwamba hakuwepo. Huo ni uongo, na umewekwa kwenye rekodi ya chuo kwa wino rasmi. Mchungaji wangu akinionyesha mahali Biblia inaporuhusu rekodi ya uongo nitanyamaza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na ninalielekeza kwa wakuu wa wanafunzi na wasajili wa vyuo vya huku Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, kabla mitihani ijayo haijaanza. Mwanafunzi akija na picha mpya, ichukueni. Akisema jina analotumia, liandikeni kwenye kadi pamoja na namba yake. Msimamizi aambiwe kwamba akiwa na shaka amwite mtu nje, amalize kumkagua huko, na mwanafunzi arudishiwe dakika zilizopotea. Na kama kuna ofisi iliyokuwa imefungwa kwa chakula cha mchana siku moja ya mtihani, ipo fomu mezani kwao yenye ukurasa wa ziada ulioambatishwa, naomba waisome.

Ile barua ya mistari miwili nimeitengenezea nakala tupu kwenye kompyuta yangu, bila jina la mtu wala la chuo, kuna mahali pa picha na pa muhuri. Mkuu wa wanafunzi yeyote asiye na karani wa kumpigia chapa aje Kondele, apande ngazi za duka la mbegu. Ninafungua saa mbili asubuhi. Sitamtoza.

Nyar Gem,
Kondele, Kisumu
(Jina langu kamili unalo, Mhariri. Chapisha hili.)